Kome wa Mikuyuni

Kilifi,
4 Februari 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mjukuu wako Jhanvi ameniambia miguu imevimba tena na daktari amekukataza chumvi, jambo ambalo najua linakuuma kuliko miguu yenyewe. Ameniambia pia kwamba simu huisikii kabisa, ila ukiandikiwa kwa herufi kubwa unasoma mwenyewe bila kusaidiwa. Basi nimeandika herufi za darasa la kwanza. Usinicheke. Sisi huku tu wazima. Mama yuko Vitengeni, goti linamsumbua lakini shamba haachi, na anakusalimu.

Nina swali, na ni wewe tu uliyebaki wa kuulizwa. Unajua kwamba nimerudi kusoma na mvi zangu. Nafundisha baiolojia katika shule ileile uliyofundisha wewe, katika maabara ileile aliyoitunza marehemu baba, na Jumamosi nakwenda chuo kikuu. Utafiti wangu ni wa kome wadogo wa maji baridi, hawa wasiozidi punje ya choroko, ambao watu huwakanyaga wakidhani ni changarawe. Nataka kujua nani anaishi wapi katika maji ya Ganze na Vitengeni.

Wiki jana nilikuwa nikisafisha kabati la nyuma, nikakuta sanduku la chupa za ule upimaji wa kichocho wa mwaka 1991. Ziko kumi na moja. Spiriti imekauka katika nyingi, lakini lebo zinasomeka, na mwandiko ni wako. Nimeujua kwa ile "k" yenye mkia. Moja imeandikwa: Bwawa la Mikuyuni, 16 Novemba 1991. Ndani mna kome ishirini na watatu, wanene, rangi ya asali, wenye mistari inayokwaruza ukiipitishia ukucha. Baba Mkubwa, hao si kome wa mchanga? Hao hukaa penye mchanga safi na maji yanayopita. Mikuyuni nilizaliwa, nikateka maji pale hadi tulipohama nikiwa na miaka kumi. Lile ni bwawa la tope na mayungiyungi. Walifikaje?

Pengine kuna kitu sikijui. Nisaidie.

Mwanao,
Sidi Garama


Malindi,
13 Februari 2025

Mwanangu Sidi,

Marahaba. Herufi zako nimezisoma bila miwani, na Jhanvi haamini mpaka sasa. Mpe mama yako salamu zangu, mwambie goti alikande kwa maji ya moto na jembe aliweke chini walau siku mbili. Mimi nipo. Daktari anasema moyo umechoka. Natembea kutoka kitandani hadi barazani, na hiyo ndiyo safari yangu ya kutwa. Nyumba ni ileile nyuma ya duka la marehemu kaka yangu, ila dukani sasa wanauza vifuniko vya simu.

Nimefurahi kwamba umechagua kome. Baba yako nilimfundisha kuwatambua kwa njia tatu, na wewe nakupa hizohizo. Kwanza tazama pua ya gamba, pale palipochongoka juu: iko katikati au imesukumwa upande? Pili, lowesha kidole, mweke kome juu yake, upitishe ukucha wa mkono wa pili, usikie kama anakwaruza. Tatu, na hii ndiyo kubwa, kabla hujamtazama kome tazama ulipomtoa. Ni mchanga, ni tope, au ni mzizi? Ukishajua hapo umemjua nusu.

Juu ya chupa hiyo, miaka ni mingi na sikumbuki vizuri. Nadhani hao ni watoto wa kome, na watoto wa kome hufanana kama watoto wa wodi ya wazazi. Spiriti nayo hubadili rangi. Usijisumbue kwa chupa moja kati ya kumi na moja.

Soma. Siku nilipokwenda kukuombea nafasi ya kidato cha kwanza nilijua kwamba utanipita.

Baba yako mkubwa,
Chimanlal


Kilifi,
10 Machi 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Joto hili la Machi sijui unalivumilia vipi. Mwambie Jhanvi akuwekee kitanda upande wa uani penye upepo. Huku tunashukuru, isipokuwa mimi nina jambo linalonikosesha raha.

Nilifuata ushauri wako. Nilimfungua mmoja wa wale wa chupani, nikatazama bawaba yake chini ya hadubini. Meno ya pembeni ni marefu na yamechongwa kama msumeno. Huyo si mtoto wa kome mwingine, ni kome wa mchanga, tena mtu mzima.

Jumamosi nikaenda Mikuyuni. Gari linaishia kijito cha Kwa Kalume, kutoka hapo ni mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Pale kijitoni nilichota mchanga kwa kiganja tu, nikapata kome wa mchanga wanne, sawasawa na wale wa chupani. Lakini bwawani, Baba Mkubwa, nilishinda majini kwa mabuti ya mpira kwa saa mbili na sikumwona hata mmoja. Nilivuta mizizi ya mayungiyungi, nikakuta kome wengine kabisa, wembamba, wenye madoadoa kama yai la kware, wamejining'iniza kwa uzi. Na konokono wa kichocho wamejaa, kila jani.

Wanawake waliokuja kufua wakanizunguka. Mkubwa wao, Mama Pola, akaniita.

"We, watafuta nini humo?"

"Kome, mama."

"Waliwa?"

"Hawaliwi. Nawasoma."

"Unawasoma! Kwani wana herufi?" Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha akanitazama vizuri. "Binti wa nani wewe?"

"Garama Thoya."

Kicheko kikakatika. "Garama wa Chupa," akasema, si kwangu, kwa wenzake. "Baba yako aliwachanganyia madaktari chupa, tukaambiwa maji yetu safi. Vijiji vyote wakapewa vidonge, sisi tukarukwa. Watoto wetu wakakojoa damu, tukadhani ndiyo kubalehe. Sasa na wewe umekuja na chupa?"

Nilijua baba aliachishwa kazi, na nilijua hatukuhama Mikuyuni kwa kupenda. Lakini hilo jina sikuwahi kulisikia. Kaka yangu Tsuma alicheza katika bwawa hilo kila siku. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja kibofu kilipomwua, na nilimsikia baba akisema kitandani kwake, "Nisamehe, mwanangu." Nilidhani ni maneno ya mzazi yeyote.

Ulikuwa naye, Baba Mkubwa. Ilikuwaje?

Mwanao,
Sidi


Malindi,
24 Machi 2025

Mwanangu,

Marahaba. Nipo, namshukuru Mungu. Sina nguvu leo, kwa hiyo nitakuwa mfupi.

Kumbuka mafuriko ya El Niño ya mwaka 1997. Yalibadili mabwawa yote ya kule ndani. Huenda mwaka 1991 palikuwa na mkondo wa mchanga ulioingia Mikuyuni, ukafukiwa. Kome wakafa, tope likaja.

Maneno ya Mama Pola usiyatie moyoni. Baba yako alikuwa mtu mwema, na kosa la chupa linaweza kumpata yeyote aliyechoka. Nakuomba, mwanangu, iache chupa hiyo. Zimebaki kumi.

Baba yako mkubwa,
Chimanlal


Kilifi,
6 Mei 2025

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Nilikaa kimya kwa sababu mvua zilikata njia, na kwa sababu nilitaka nikuandikie nikiwa na uhakika. Natumai nguvu zimerudi. Mama amevuna mbaazi, amekuwekea kifuko.

Habari ya mafuriko nilimpelekea Dakta Lynn, msimamizi wangu. Akaniambia, "Gamba haliozi upesi. Chimba utazame." Nikachimba ukingoni mwa bwawa, kina cha kiuno. Ni tope juu na tope chini, na magamba ya wale wenye madoadoa yapo tangu juu hadi chini. Mchanga hakuna. Pale hapajawahi kuwa na mkondo, Baba Mkubwa. Kome wa ile chupa hawakutoka Mikuyuni mwaka 1991 wala mwaka wowote.

Basi jibu limebaki moja, na nimelilia wiki nzima kabla ya kuliandika. Siwezi kulificha kwa kuwa ni baba yangu. Nimeandika hivi katika kazi yangu: "Sampuli ya Mikuyuni si ya Mikuyuni. Msaidizi wa maabara, Garama Thoya, alibandika lebo ya bwawa hilo juu ya chupa ya mahali pengine. Kwa kosa hilo kijiji hakikupata tiba." Ukurasa huo nimeuambatisha. Dakta Lynn anataka sahihi ya shahidi aliyekuwepo, na aliyebaki ni wewe. Kazi inakwenda kwa watahini mwisho wa mwezi.

Nisamehe kukupa mzigo huu ukiwa mgonjwa. Weka sahihi tu, Jhanvi atanirudishia kwa basi.

Mwanao,
Sidi


Malindi,
17 Mei 2025

Sidi,

Marahaba. Hiyo ndiyo salamu ya mwisho ninayoipokea kwako kwa jina la baba mkubwa. Ukimaliza kusoma utajua kwa nini.

Ukurasa wako umekuwa juu ya meza yangu siku nane. Mara mbili nilishika kalamu niutie sahihi. Nakuambia hili ili ujue unamsoma mtu wa aina gani. Nina miaka themanini, daktari amenipa miezi ambayo si mingi, na bado nilishika kalamu mara mbili.

Baba yako hakuchanganya chupa.

Siku ile tuligawana maji. Yeye alikwenda upande wa Ganze, mabwawa matatu kwa miguu, akayamaliza yote. Mimi nilikuwa na kijito cha Kwa Kalume na bwawa la Mikuyuni. Nilikuwa nimevaa viatu vipya vya ngozi, kwa sababu asubuhi madaktari wageni walitaka kupiga picha na walimu, nami sikutaka kupigwa picha na mabuti. Nilipofika kijitoni kisigino cha kulia kilikuwa kimetoka lengelenge. Nikajaza chupa ya kwanza pale. Nikatazama kile kilima cha kwenda Mikuyuni. Jua lilikuwa kali. Nikakaa chini, nikavua kiatu, nikajiambia kwamba maji ni maji. Nikajaza chupa ya pili palepale kijitoni.

Ni hilo tu. Nimetafuta miaka thelathini na tatu sababu iliyo kubwa zaidi, sikuipata. Ilikuwa ni lengelenge.

Jioni baba yako alizipanga chupa mezani na kuzibandika lebo nilizoziandika mimi. Alipofika kwenye ile akasita. Akasema, "Mwalimu, hawa wa bwawani?" Nikamwambia, "Bandika, Garama, tumechoka." Akabandika. Katika orodha nikaandika: Mikuyuni, kome tu, konokono hakuna. Vidonge vilikuwa vichache. Kijiji kisicho na konokono kikarukwa.

Sikujua kwamba mtu angekufa. Lakini nilijua kwamba yeye ni mtu wa Mikuyuni, na kwamba watoto wake wanaoga pale. Nilijua nikiwa nimekaa pale na kiatu mkononi.

Mwaka 1996 wakaja madaktari wengine, wakapima watoto, wakashangaa. Tukaitwa ofisini kwa mkuu wa shule. Chupa ikaletwa. Baba yako aliiinua penye dirisha, akaitazama kwa muda wa kunywa maji tu, akasema: "Hawa ni kome wa mchanga, wa kijitoni. Mikuyuni hakuna mchanga, mimi nimezaliwa pale. Hii chupa haikujazwa bwawani." Hakunitaja. Alikuwa ananipa mimi nafasi ya kusema.

Daktari akanigeukia. "Mwalimu, mtu anaweza kujua hivyo kwa kutazama tu?"

Nikajibu: "Garama ni mwaminifu, lakini kazi yake ni kuosha chupa. Hana elimu ya kutambua kome. Hawa wadogo huishi popote. Lebo niliziandika mimi, aliyezibandika ni yeye."

Hayo maneno ya mwisho, ya lebo, yalikuwa kweli, ndiyo maana yalimmaliza. Mkuu wa shule alimtazama Mgiriama aliyevaa koti la kazi, akanitazama mimi, mwalimu Mhindi mwenye shahada, wala hakuhitaji kufikiri. Baba yako alirudisha chupa kabatini mwenyewe, akaifuta vumbi kwanza. Hakuitupa. Ndiyo maana umeikuta.

Nilikuandikia kwamba mimi nilimfundisha kutambua kome. Hata hilo nililiiba. Njia zote tatu ni zake. Pua ya gamba, ukucha, na kutazama ulipomtoa, yeye ndiye aliyenifundisha mimi, mwaka wangu wa kwanza pale shuleni, kwa kome aliowaleta ndani ya kikombe. Kome nilikuwa sijawahi kuwaona ila kitabuni, na hao wa kitabuni hawakuwa wa huku.

Nafasi yako ya kidato cha kwanza niliitafuta kwa aibu, si kwa wema. Nilitaka uniite baba mkubwa ili nikisikia jina hilo nisahau lile nililostahili.

Ukurasa wako naurudisha bila sahihi. Pamoja na barua hii kuna karatasi niliyoandika kwa mkono wangu, yenye habari yote hii, na Jhanvi ameshuhudia. Alipoisoma alitoka nje na hakurudi mpaka saa ya chai. Itie katika kazi yako. Nyingine kama hiyo wapelekee watu wa Mikuyuni, uwasomee.

Sikuombi jibu.

Chimanlal


Kilifi,
9 Juni 2025

Mwalimu Chimanlal,

Barua ilifika.

Nilikwenda nayo Vitengeni nikamsomea mama. Alikuwa akipukuchua mahindi, hakuacha. Nilipomaliza akasema, "Rudia pale pa viatu." Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Mara ya tatu akainuka na ungo wake, akaenda nyuma ya nyumba.

Kazi yangu nimeibadili. Watahini wameongeza muda.

Jumamosi nilikwenda Mikuyuni, nikaomba watu waje bwawani. Walikuja kama arobaini. Nilifungua karatasi yako, nikasoma mstari wa kwanza, Mama Pola akainua mkono.

"Hiyo ni nini?"

"Ni maneno ya mwalimu aliyejaza chupa. Anakiri kwamba njia ilimshinda, akaishia kijitoni."

"Karatasi tena?" akasema. "Karatasi ndiyo iliyosema maji yetu safi. Kunja."

"Mama, sikilizeni kwanza, inamhusu baba."

"Nimesema kunja! Huyo mwalimu hana mdomo? Aje nao."

Mzee Mangi, aliyekuwa mzee wa mtaa wakati ule, akaongeza, "Na aje kwa njia hiyohiyo iliyomshinda. Asiletwe na pikipiki mpaka hapa akatuhutubie kama mgeni rasmi."

Niliwaambia una miaka themanini, miguu imejaa maji, moyo hauna nguvu. Mama Pola akanijibu, "Baba yako naye alikuwa mgonjwa siku alipokuja kuomba kumzika Tsuma hapa kwa wazee wake, tukamkatalia. Alirudi na maiti Vitengeni. Alitembea huyo."

Hilo pia sikulijua; niliambiwa tu kwamba baba ndiye aliyechagua Vitengeni. Baba naye amelala Vitengeni peke yake na mwanawe, mbali na makaburi ya watu wao.

Sikuombi uje. Nakuarifu yaliyosemwa, basi.

Sidi Garama


Malindi,
16 Juni 2025

Sidi,

Hukunisalimu, na ni haki. Mimi nakuamkia hata hivyo: hujambo, na mama yako hajambo.

Nitakuja. Jumamosi tarehe 28. Jhanvi ataendesha gari hadi Kwa Kalume, na kutoka hapo nitapanda kile kilima. Daktari amesema hapana. Jhanvi amesema hapana kwa Kiswahili, kwa Kigujarati na kwa kufunga mlango. Nimemwambia nitakwenda kwa basi, akafungua.

Kuna jambo moja sikulitia katika barua ile. Nilifikiri limebaki kati yangu na marehemu, lakini ulipoandika habari ya maiti ya kaka yako nimeona kwamba nilikuwa nachagua tena cha kukiri.

Baba yako alikuja kwangu mwaka 2010, wiki mbili baada ya kumzika Tsuma. Alikaa barazani, pale ninapokaa mimi sasa. Akakunjua leso, ndani mna kome wa mchanga saba, wabichi, maji yanadondoka. Akawapanga juu ya meza mmoja mmoja. Akasema, "Mwalimu, unawajua hawa." Nikasema nawajua. Akasema, "Kazi sitaki tena, nimezeeka. Nataka uende Mikuyuni useme, nipate kumlaza mwanangu kwao. Nami nilale kwetu."

Nilimwambia asubiri. Mke wangu Daksha alikuwa mgonjwa, nikasema akipona nitakwenda. Daksha alifariki mwaka uliofuata, sikwenda. Baba yako alifariki mwaka 2012, sikwenda wala mazikoni. Nilituma salamu za rambirambi kwa karatasi.

Alipoondoka siku ile alikunywa chai yake yote, akanishukuru. Wale kome aliniachia mezani. Niliwatupa uani kabla Daksha hajaamka.

Sasa umejua yote. Hakuna kingine.

Chimanlal


Kilifi,
5 Julai 2025

Mwalimu,

Shikamoo. Jhanvi ameniambia umelazwa tangu Jumapili, na kwamba umekataza watu wa Mikuyuni wasilaumiwe. Mama nilimweleza yote. Nakuandikia jibu lake kama alivyolisema: "Mwambie nimesikia."

Sina haja ya kukusimulia ulichokiona mwenyewe. Ulitembea kwa saa nne na nusu njia ya mwendo wa saa moja na nusu. Mawe kumi na mawili uliyokalia, nayajua kwa sababu niliyahesabu nikiwa nyuma yako, na sikukupa mkono. Jhanvi aliniangalia kwa macho ya kuniuliza. Sikuweza. Uliposema ulichosema, ukiwa umesimama na fimbo, sauti ilikuwa ndogo ikabidi watu wasogee. Mzee Mangi alikuuliza, "Ni lengelenge tu?" ukasema, "Ni lengelenge tu." Hapo ndipo Mama Pola aliposema upewe maji. Pengine hukugundua, lakini yalikuwa ya bomba. Aliyafuata nyumbani kwake mwenyewe.

Ninachotaka kukuambia ni kilichotokea ulipokwisha kushushwa. Mama Pola alinivuta kando, akataka kuwaona wale kome. Nilikuwa nao. Nikamlowesha kidole, nikamweka mmoja juu, nikamwonyesha apitishe ukucha. Akapitisha. Kisha nikavuta mzizi wa yungiyungi, nikampa mwenye madoadoa. Akawageuzageuza wote wawili kwa muda.

"Alituambia," akasema. "Alipofukuzwa kazi alikuja hapa hapa na wawili kama hawa. Alisema: jamani, tazameni, wale si wetu. Mimi nilimwambia aende akaoshe chupa."

Akanirudishia wote wawili.

Wazee wamemwita mama waongee habari ya makaburi. Amesema atakwenda mahindi yakishakauka.

Mimi bado, Mwalimu. Sitakudanganya. Nikiona kiatu kipya mlangoni pa mtu napita bila kubisha hodi. Sijui kama nitaacha, na sijui kama utakuwepo nikiacha.

Chupa nimeiosha, nimeitia spiriti mpya. Lebo ya zamani nimeihifadhi ndani ya bahasha, ni ushahidi. Mpya nimeiandika hivi:

Kome wa mchanga, 22 wazima, 1 amefunguliwa.
Kijito cha Kwa Kalume, 16 Novemba 1991.
Aliyekusanya: Chimanlal.
Aliyetambua: Garama Thoya.

Sijaibandika. Nataka uisome kwanza. Kama pana kosa, niandikie.

Sidi Garama


Malindi, hospitalini,
9 Julai 2025

Sidi,

Marahaba. Herufi ni za Jhanvi, maneno ni yangu.

Pana kosa moja. Aliyetambua huandikiwa na mwaka aliotambua. Baada ya jina la Garama Thoya ongeza 1996.

Kisha bandika.

Chimanlal